Ardhi ya Edisto, ardhi ya Makete

Oktoba 1865, nusu mwaka tangu majeshi ya Kusini yasalimu amri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Jenerali Oliver Otis Howard aliingia kanisani katika kisiwa cha Edisto, pwani ya South Carolina. Kanisa lilikuwa limefurika watu weusi waliotoka utumwani. Howard ndiye aliyeongoza ofisi ya serikali iliyoundwa kuwahudumia watu hao, na wengi walimwona kama mtu wao. Siku hiyo alitumwa na Rais Andrew Johnson kuwaambia jambo asilolitaka hata yeye: mashamba waliyogawiwa na jeshi, ambayo tayari walikuwa wameyalima na kuyavuna, yanarudishwa kwa mabwana wa zamani.

Watu wa Edisto walikataa. Walichagua kamati ya watu watatu, nayo ikamwandikia jenerali barua. Kila ninapoisoma barua ile nashindwa kuendelea na kazi nyingine kwa muda. Wanamwambia: unatutaka tuwasamehe wenye ardhi. Wewe umepoteza mkono wako wa kulia vitani, labda unaweza kusamehe. Lakini mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, aliyemvua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, na ambaye leo hataki nilale kwenye kibanda chake kitupu mpaka nikubali kumlimia kwa bei anayoitaka yeye, huyo siwezi kumsamehe kirahisi.

Nafundisha Historia huku Nyanda za Juu Kusini. Kidato cha Tano tuna mada ya watu wenye asili ya Afrika katika Ulimwengu Mpya, na kusema kweli huwa inapitiwa mbio: utumwa, kisha Lincoln, kisha unaruka hadi Garvey na Martin Luther King, kengele inalia. Katikati pale kuna miaka kumi na miwili, 1865 hadi 1877, ambayo mwanafunzi akiikosa hataelewa kitu kimoja cha msingi. Nimeulizwa swali hilo darasani zaidi ya mara moja, na wanaouliza ni wale wanaosikiliza kweli: "Mwalimu, kama Marekebisho ya 15 ya Katiba yaliwapa watu weusi kura mwaka 1870, kwa nini mwaka 1965 watu walikuwa wanapigwa marungu darajani Selma wakidai kura hiyohiyo?"

Haki moja, nchi moja, Katiba moja, na kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 95. Jibu langu linaanzia kwenye lile kanisa la Edisto. Wengi huanzia 1877, jeshi lilipoacha kuzilinda serikali za Kusini, na mimi naona wamechelewa kuanza.

Turudi nyuma kidogo. Januari 12, 1865, vita vikielekea ukingoni, Jenerali William Sherman na Waziri wa Vita Edwin Stanton waliwaita viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi mjini Savannah, Georgia, wakawauliza wanataka nini. Msemaji wao alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, aliyejinunua yeye na mkewe kutoka utumwani kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Alijibu kwa ufupi kwamba njia bora ya kujitunza ni kupata ardhi na kuilima kwa mikono yetu wenyewe. Mzee yule angeweza kuomba fidia, au kuomba adui aadhibiwe. Aliomba ardhi.

Siku nne baadaye Sherman alitoa amri. Ukanda wa pwani kutoka Charleston kushuka hadi kaskazini mwa Florida utengwe, kila familia ipate hadi ekari 40. Kufikia katikati ya mwaka watu wapatao 40,000 walikuwa wamekaa kwenye ekari zipatazo 400,000. Walipanda mahindi, viazi vitamu na pamba, wakachagua viongozi wao na kufungua shule. Aprili Lincoln akapigwa risasi. Johnson akashika nchi, na kuanzia mwishoni mwa Mei akawa anagawa msamaha kwa waasi, na msamaha ule ulikuja na mali zao zote isipokuwa watumwa. Ndipo Howard akatumwa Edisto.

Kilichofuata kinaonyesha waziwazi kwa nini ardhi ile ilikuwa na uzito. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo jimbo la Mississippi lilitunga sheria zilizomtaka kila mtu mweusi, ifikapo wiki ya pili ya Januari kila mwaka, awe na maandishi yanayothibitisha mahali anapokaa na kazi anayoifanya. Asiye nayo ni mzururaji. Mzururaji anatozwa faini. Asiyeweza kulipa faini anakodishwa kwa mtu atakayemlipia, na anamfanyia kazi mpaka deni liishe. Akiacha kazi kabla ya mwaka kwisha, anapoteza ujira wote na anaweza kukamatwa na kurudishwa. South Carolina na majimbo mengine nayo yakatunga za kwao. Marekebisho ya 13, yaliyofuta utumwa, yalithibitishwa Desemba ileile. Yana maneno yanayoruhusu kazi ya lazima kama adhabu ya kosa, na wenye mashamba na migodi waliuona upenyo huo mapema sana.

Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa mara mbili mfumo wa namna hii. Waulize wazee wa Njombe, Makete au Rungwe habari za manamba. Serikali ya kikoloni ilimtoza mtu kodi ya kichwa, na kodi ililipwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa mzungu. Watu wakapakiwa kwenye malori kwenda mkonge, Tanga na Morogoro, na kipande mfukoni kinachohesabu siku 30 za kazi. Babu yangu, mzaa baba, alikwenda hivyo. Mambo ya huko hakupenda kuyasimulia. Alichopenda kusimulia ni safari ya kurudi. Alimaliza mkataba, wakamtaka aandike mwingine kwa maneno matamu na baadaye kwa vitisho, naye akasema hapana, nakwenda kwetu kupanda ngano.

Neno lile, nakwenda kwetu, nimelifikiria sana tangu nianze kusoma habari za Edisto. Babu hakuwa na haki ya kupiga kura. Hakujua kusoma mkataba aliouwekea dole gumba. Sheria zote zilikuwa upande wa mwenye shamba. Lakini alikuwa na mteremko wake Makete, wenye ngano na pareto na kinyungu, yaani bustani ya bondeni isiyokauka kiangazi, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba asipokubali bei ile familia yake italala nje. Mtu aliyeachwa huru South Carolina mwaka 1866 alikuwa amezungukwa na Katiba iliyoanza kusema maneno mazuri kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu yake, na hakuwa na mahali pa kwenda alipotaka kusema hapana.

Maneno yenyewe yalikuwa mazuri kweli. Bunge la Marekani lilichukizwa na sheria za Kusini, na Aprili 1866 likamshinda Johnson kura yake ya turufu na kupitisha Sheria ya Haki za Raia. Miezi iliyofuata yakatokea mauaji ya Memphis na New Orleans. Mwaka 1867 likaigawa Kusini katika maeneo matano chini ya jeshi na kuagiza katiba mpya zitungwe, watu weusi wakiwemo kati ya wapiga kura. Mwaka 1868 Johnson alishtakiwa bungeni akanusurika kwa kura moja. Mwaka huohuo Marekebisho ya 14 yakathibitishwa: kila aliyezaliwa nchini ni raia, na jimbo lisimnyime mtu ulinzi ulio sawa wa sheria. Yakafuata ya 15.

Ni rahisi kudhani kwamba katika haya yote watu weusi walikuwa wakipokea tu. Hapana. Robert Smalls alizaliwa mtumwa mjini Beaufort, South Carolina, mwaka 1839. Wakati wa vita alifanyishwa kazi kwenye meli ya mvuke ya jeshi la Kusini iliyoitwa Planter, katika bandari ya Charleston. Alfajiri ya Mei 13, 1862, maofisa weupe wakiwa wamelala nchi kavu, yeye na wenzake waliwasha mashine, wakapitia mahali wake na watoto wao walipojificha, kisha akavaa kofia ya majani ya nahodha na kuiongoza meli kupita ngome moja baada ya nyingine, akipiga honi kwa ishara sahihi kila palipotakiwa. Wanajeshi wa ngome ya Sumter waliona kofia, wakasikia honi, wakairuhusu ipite. Walipotoka masafa ya mizinga wakapandisha shuka jeupe na kuikabidhi meli kwa jeshi la Kaskazini. Alikuwa na miaka 23.

Mtu huyu mwaka 1868 alikaa kwenye mkutano uliotunga katiba mpya ya South Carolina, mkutano ambao wajumbe wake wengi walikuwa weusi. Katiba ile iliagiza shule za umma zinazolipiwa na jimbo na zilizo wazi kwa watoto wote. Watoto wa weupe maskini, ambao mabwana wa mashamba hawakuwahi kuwafikiria, nao wakanufaika. Kabla hata serikali haijaleta kitu, waliotoka utumwani walikuwa wakichanga senti zao, wakinunua viwanja, wakijenga madarasa ya magogo na kumlipa mwalimu. Mabibi wenye wajukuu walikaa benchi moja na watoto kujifunza herufi. Hili wenzangu wa Rungwe na Njombe mtalielewa haraka, ninyi ambao sekondari zenu nyingi zilianza kwa michango na matofali ya kuchoma ya wananchi kabla mtu wa wilayani hajafika kukagua.

Februari 1870 Hiram Revels wa Mississippi aliapishwa kuwa seneta wa kwanza mweusi. Katika miaka ile watu weusi wapatao 2,000 walishika nyadhifa, kuanzia mahakimu wa mitaa hadi wabunge wa taifa. Smalls mwenyewe aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1875.

Na huku nyuma damu ilikuwa inamwagika. Ku Klux Klan, kundi la siri la weupe, ilianzia Pulaski, Tennessee, miezi michache baada ya vita, na kazi yake ilikuwa ya usiku: walimu, wachungaji, wapiga kura, na sana sana mtu mweusi aliyefanikiwa kupata ng'ombe wake na kiwanja chake. Rais Grant alipigana nao, na hili asinyimwe. Mwaka 1871 alitumia sheria mpya, akasimamisha kwa muda haki ya mtuhumiwa kufikishwa mbele ya jaji katika wilaya tisa za South Carolina, akatuma wanajeshi, mamia wakakamatwa, na Klan ikavunjika. Iliwezekana. Nawasisitizia wanafunzi neno hilo kwa sababu vitabu vingine huandika kana kwamba mambo yalikuwa yamekwishaamuliwa na historia. Serikali ilipotaka kumlinda raia wake, ilimlinda.

Kisha ikachoka kutaka. Mdororo wa uchumi wa 1873 uliwageuza watu wa Kaskazini waangalie mifuko yao. Aprili 13 mwaka huo, siku ya Pasaka, mjini Colfax, Louisiana, kundi la weupe wenye silaha liliua makumi ya watu weusi waliokuwa wanailinda mahakama ya wilaya, wengine wakiwa tayari wamejisalimisha. Wachache tu walifikishwa kizimbani, na mwaka 1876 Mahakama Kuu ya Marekani ikawaachia kwa hoja kwamba Marekebisho ya 14 yanaizuia serikali ya jimbo, hayamgusi mtu binafsi anayemwonea mwenzake. Sasa tafakari hoja hiyo kwa macho ya mjane wa Colfax. Jimbo halitawashtaki wauaji kwa sababu ndugu zao ndio jimbo, na taifa linasema halina mamlaka. Uchaguzi wa 1876 ukaingia kwenye utata, Rutherford Hayes akapewa urais, na masika ya 1877 wanajeshi waliokuwa wakizilinda serikali za South Carolina na Louisiana wakarudishwa kambini.

Hata hivyo kura haikufutwa siku hiyo. Iliondolewa polepole, na aliyeondolewa kwanza ni yule asiye na shamba. Wakati huo wengi walikuwa wanalima kwa kugawana mavuno: ardhi ya bwana, nyumbu wa bwana, mbegu na unga kwa mkopo kutoka duka la bwana, na pamba ikipimwa mwisho wa mwaka hesabu anaisoma bwana. Mkulima wa mpunga wa Usangu anayekodi majaruba na kulipa kwa magunia anajua mwaka mmoja wa ukame unavyoweza kumfunga mtu. Wale walifungwa vizazi. Mtu wa namna hiyo anapoambiwa kwamba akionekana kituo cha kura Novemba hatapewa shamba Januari, atakwenda kwa ujasiri gani?

Ninao ushahidi mmoja ambao kwangu unafunga mjadala, nao ni Beaufort. Huko, wakati wa vita, serikali iliuza mashamba na nyumba za waasi kwa sababu ya kodi ambazo hazikulipwa, tofauti kabisa na ile amri ya Sherman. Mauzo ya kisheria Johnson hakuweza kuyafuta kwa msamaha. Watu weusi wengi wakanunua vipande vidogo. Smalls alinunua nyumba ya bwana wake wa zamani, nyumba ambayo yeye na mama yake walikuwa watumwa wake. Aliyedai kuwa mmiliki akashtaki, kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, na mwaka 1878 Smalls akashinda. Angalia sasa ramani ya siasa: baada ya 1877, South Carolina nzima ikiwa mikononi mwa waliotumia bunduki kushinda, eneo la Beaufort liliendelea kuchagua watu weusi. Smalls alikuwa bungeni, kwa vipindi, hadi 1887. Jimbo lilelile, Katiba ileile, na vitisho havikukosekana Beaufort. Walichokuwa nacho watu wake ni idadi, na ardhi chini ya miguu.

Mwisho nao walifikiwa. Mississippi mwaka 1890 iliandika katiba yenye kodi ya kupiga kura ya dola mbili, na sharti la kusoma au kueleza kifungu cha katiba kwa kumridhisha karani, ambaye ni mweupe. Majimbo mengine yakanakili. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi 130,334 mwaka 1896, na mwaka 1904 wakabaki 1,342. Kule Wilmington, North Carolina, Novemba 1898, weupe wenye silaha waliipindua serikali halali ya mji na kuua watu. (Julai ya mwaka huohuo Mkwawa alikuwa amejipiga risasi porini ili Wajerumani wasimkamate. Fuvu linaloaminika kuwa lake lilirudishwa kutoka Ujerumani hadi Kalenga 1954. Siwezi kuutaja mwaka 1898 bila kuukumbuka huu wa kwetu.)

Smalls alikuwepo South Carolina ilipotunga katiba ya aina hiyo, mwaka 1895. Alikuwa mmoja wa wajumbe sita tu weusi. Alisimama ndani ya ukumbi ule, yeye aliyeshiriki kuandika katiba ya 1868, akawaambia kwamba watu wake hawahitaji utetezi maalumu, kwa kuwa historia yao nchini humo imeonyesha kwamba wanalingana na watu wowote popote. Wanachohitaji ni nafasi sawa. Katiba ikapita. Alifariki 1915 katika nyumba yake ya Beaufort, na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilikuwa bado miaka 50 mbele.

Nimeambiwa na mwenzangu mmoja ofisini, mtu wa sheria, kwamba naipa ardhi uzito kupita kiasi, kwamba bila mahakama na polisi mwenye shamba naye angechomewa nyumba. Ana hoja. Waliochomewa walikuwepo, na wengi. Lakini namwona anasahau mfuatano wake: mwaka 1865, wakati waliopigana na serikali wameshindwa na kunyamaza, ndipo ardhi ilipoweza kugawiwa kwa gharama ndogo kuliko wakati mwingine wowote. Fursa ile ikatupwa ili kuwaridhisha waasi. Baada ya hapo taifa likalazimika kumlinda kwa bunduki, kila uchaguzi, mtu ambaye lilimwacha analala kwenye kibanda cha adui yake. Hakuna serikali yenye subira ya kufanya hivyo miaka mia moja.

Ndiyo maana habari hizi hazikai kwangu kama somo la mtihani. Ukipita leo kutoka Mafinga kwenda Njombe na kupanda hadi Makete, utaona milima iliyokuwa ya ngano na viazi imefunikwa mipaina na milingoti (mikaratusi). Mingi ni ya wanakijiji wenyewe, na imewajengea nyumba za bati na kusomesha watoto. Mingine ni ya watu wa mjini walionunua ekari kwa bei ambayo mtu hununulia simu ya mkononi, na aliyeuza sasa anakwenda kwenye shamba lilelile kama kibarua wa kupalilia miche. Sisemi kwamba huu ni utumwa, na haufanani na Mississippi. Nasema kwamba siku akidhulumiwa posho yake, kijana huyo hana mteremko wa kurudi kama aliokuwa nao babu yangu.

Shamba la babu limeletewa mnunuzi. Kikao cha ukoo kitakaa Desemba, watoto wa mjini wakishapanda kwa ajili ya Krismasi, na baadhi ya ndugu zangu wana shida za kweli: ada, matibabu, deni la pikipiki. Siwabezi. Nimewatumia msimamo wangu mapema ili usije ukawa ugomvi mbele ya wazee. Kama lazima fedha ipatikane, tukodishe sehemu ya juu kwa mvuno mmoja wa miti, mkataba usomwe kwa sauti mbele ya serikali ya kijiji na kila mtu apate nakala. Kinyungu kisiguswe. Na kabla ya yote twende tukaombe hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, jambo tunaloliahirisha tangu msiba wa baba mkubwa, na jina la shangazi liwemo kwenye hati hiyo, kwa kuwa sisi wengine tunakuja kula viazi na yeye ndiye anayevilima.